Mikono Naondoka Nayo

Watu wa mtaa ule walimwita Msumari miaka mingi kabla hajameza msumari. Jina lilitokana na kazi yake. Alikuwa fundi wa makochi, na kila alipopiga kitambaa kwenye fremu alijaza mdomoni misumari midogo ya kichwa bapa, akawa anaitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi, nyundo mkono wa kulia, kitambaa mkono wa kushoto. Namna hiyo aliirithi kwa marehemu baba yake, pamoja na karakana yenyewe. Stepla ya upepo alikuwa nayo na aliitumia, lakini kingo za mbele, zile mgeni anazoziona kabla hajakaa, alizipiga kwa mkono. Alisema stepla haina macho.

Basi mwezi wa kumi na moja ukafika, ule mwezi ambao kila mwenye sebule anakumbuka ghafla kwamba makochi yake yamebonyea, na Msumari akafanya kazi siku ishirini na tatu mfululizo. Siku ya ishirini na nne, saa nane mchana, akiwa amepiga goti mbele ya kochi la watu watatu, usingizi ulimpitia vile vile alivyo, kama unavyompitia mtoto mezani. Aliposhtuka, nyundo ilikuwa sakafuni, na misumari sita aliyoitia mdomoni ilikuwa mitano.

"Kaka," akaita.

Kaka yake alikuwa seremala, ndiye aliyechonga fremu upande wa pili wa karakana hiyo hiyo. "Naam."

"Nimemeza msumari."

"Wa inchi ngapi?" kaka mtu akauliza, macho hayajatoka kwenye randa.

Hospitalini walimpiga picha, na daktari akamwonyesha ule msumari, mweupe, umejilaza tumboni kama mtu aliyefika kwake. Akamwambia utatoka wenyewe. Ale, anywe maji, asinyanyue kitu, asifanye kazi siku tatu.

"Siku tatu siwezi, daktari. Nina makochi ya watu."

"Basi nenda kafanye kazi. Tutakutana kwenye chumba cha upasuaji."

Akaenda nyumbani. Nyumbani kulikuwa na mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu, ambaye alikuwa likizo. Msumari alijua kwamba mumewe yupo likizo. Aliona viatu vyake mlangoni kila alfajiri akitoka. Lakini ungemuuliza alirudi lini, asingekuwa na jibu. Alilala kitandani mchana kweupe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu alipojifungua, akasikiliza sauti za jikoni. Binti yao wa miaka kumi na moja alikuwa akicheka na baba yake.

"Mfukuze Karani huyo," binti akasema, "kakalia daftari langu tena."

Msumari akainuka kwa kiwiko. "Karani ni nani?"

Jikoni kiti kikaburutwa. Kisha binti akaja mlangoni, amekumbatia paka wa kijivu mwenye sikio moja lililochanika.

"Huyu paka wa nani?"

"Wetu, mama."

"Tangu lini?"

Binti akamtazama baba yake, baba akatazama dirishani. "Tangu mwezi wa tisa," binti akasema taratibu, kama anayemwambia mtu habari ya msiba. "Analala chini ya kochi. Wewe ukirudi anakuwa amelala, ukitoka anakuwa hajaamka."

Msumari ulitoka siku ya tatu, na hilo halina hadithi. La paka halikutoka. Alizunguka nalo wiki nzima. Miezi miwili kiumbe hai amekula, amelala na amepewa jina ndani ya nyumba yake, na mwenye nyumba hana habari. Alijiuliza ni mambo gani mengine yameingia na kutoka bila yeye kuyaona. Mumewe hakumlaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Siku aliyokuwa akifunga begi lake kurudi kazini alimwambia tu, "Safari hii nimekuona ukiumwa. Afadhali. Safari ile nyingine sikukuona kabisa."

"Mwakani unapata likizo lini?" Msumari akauliza.

"Wanatoa ratiba mwezi wa kumi na mbili."

"Ikitoka tu, nitumie."

Ratiba ilipotoka, Msumari alitandika mezani kalenda kubwa aliyopewa bure kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akamwita binti yake aje na kalamu nyekundu. Miaka yote alikuwa akiupanga mwaka kwa njia moja: wateja kwanza, na makombo yakibaki, aishi. Makombo hayakubaki hata mara moja. Safari hii alianza na maisha. Mumewe alipewa likizo tatu, wiki mbili kila moja. Msumari akachora mstari mwekundu juu ya wiki ya kwanza ya kila likizo. Karakana imefungwa. Jumapili zote, imefungwa. Jumatano, mwisho wa kazi saa nane, kwa sababu siku hiyo binti hucheza mpira wa wavu shuleni na mama yake hakuwa amewahi kumwona akirusha hata mpira mmoja. Kisha akachora wiki moja zaidi, mwezi wa nne, peke yake.

"Hii baba hayupo," binti akasema. "Ya nini?"

"Ya kutofanya kitu."

"Kitu gani hicho?"

"Sijui. Sijawahi kukifanya."

Baada ya hapo ndipo alipofungua daftari la oda, na binti akamsomea ya miaka mitatu iliyopita. Wakaona wote wawili jambo ambalo lilikuwa wazi kama jua la mchana: mwezi wa pili na wa tatu alikuwa akikaa karakanani akipiga soga na nzi, halafu miezi miwili ya mwisho akipokea kila anayebisha hodi, hata aliyekuja kwa makosa. Hakuwa na kazi nyingi kupita kiasi. Alikuwa na mdomo usiojua neno hapana. Akaandika: seti mbili kwa wiki, basi. Oda za mwisho wa mwaka zitafungwa tarehe kumi mwezi wa kumi na moja. Miezi ya ukame ataenda mwenyewe kwenye zahanati na ofisi kuomba viti vya kutengeneza, badala ya kungoja mvua.

Tarehe zote za kufunga akazipaka kwa rangi kwenye ubao mkubwa, akautundika nje ya karakana siku ya kwanza ya kazi mwezi wa kwanza. Kaka yake alisimama chini yake, mikono kiunoni, akausoma mara mbili.

"Huu ubao wa nini?"

"Siku tutakazofunga."

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Ndiyo maana nafunga mapema."

Kaka alivua kofia akajipiga nayo pajani, ikatoka vumbi la mbao. "Mdogo wangu, sikiliza. Baba hakuwahi kufunga hii karakana, ila siku tuliyomzika. Mteja akikuta mlango umefungwa mara moja, ya pili haji. Mteja ni mfalme."

"Na mimi ni nani, kijakazi wake?"

"Biashara ni ng'ombe wa maziwa. Humwambii leo pumzika, kesho nitakukamua."

"Kaka, wewe umefuga ng'ombe lini? Ng'ombe wa maziwa anaachwa akauke miezi miwili kila mwaka. Asipoachwa, ndama anakufa na maziwa yanakufa. Ng'ombe anapewa miezi miwili. Mimi nimejipa wiki nne, unanung'unika."

Kaka akarudi kwenye randa. Kwenye kona, mwanamke mmoja wa makamo aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani. Huyo alishona vifuniko vya mito na makochi, na kwa sababu hiyo walimwita Mama Foronya. Alikuwa mtu wa maneno machache.

"Na mimi nimo kwenye hizo wiki?" akauliza.

"Umo."

Mama Foronya akaubusu uzi, akautia kwenye tundu la sindano, akaendelea. Lakini jioni ile, Msumari alimwona amesimama nje akinakili ubao mzima kwenye kipande cha sponji kwa kalamu ya wino.

Haikuwa rahisi, asikudanganye mtu. Wiki ya kwanza ya kufunga, Msumari alikaa nyumbani mikono ikimuwasha. Alipigilia kila kitu kilicholegea ndani ya nyumba mpaka mumewe akaificha nyundo. Jirani mmoja alieneza maneno kwamba Msumari siku hizi anaringa, amepata vya kupata. Mwenye duka la dawa, mteja wa miaka sita, alikuta mlango umefungwa akapeleka makochi yake kwa fundi mwingine, na hakurudi. Jambo hilo lilimchoma Msumari, na kaka yake hakuacha kulikumbusha. Kila alipopita duka la dawa alikohoa. Lakini mwezi wa tatu Msumari alikuwa na viti arobaini vya zahanati, kazi ambayo alikwenda kuitafuta kwa miguu yake. Na wiki ile ya mwezi wa nne alilala siku mbili, siku ya tatu akaenda kuogelea pamoja na binti yake kwenye bwawa la shule, akanywa maji mengi, akatoka anakohoa na kucheka, na binti akasema hajawahi kumsikia akicheka kwa sauti ile.

Mwezi wa sita akaja meneja wa hoteli.

Ilikuwa hoteli ya ghorofa tano, na walikuwa wakifungua ukumbi mpya wa chakula. Meneja alikuwa mtu nadhifu, suti ya samawati, simu mbili. Alitaka viti themanini vibadilishwe sponji na kitambaa, viwe tayari katika wiki ya mwisho ya mwezi.

Msumari akamtoa nje, akamwonyesha ubao. "Wiki hiyo tumefunga. Niletee kesho, nitafanya nusu kabla na nusu baada."

"Kesho havijafika. Vinafika Ijumaa ile kabla ya wiki hiyo."

"Basi sogeza ufunguzi wiki mbili."

Meneja akacheka kidogo, kwa adabu. "Mama, hii ni hoteli."

"Najua. Na hii ni karakana. Zote zina milango, na milango inafungwa."

Meneja akaondoka. Msumari akadhani yameisha. Hakujua kwamba kaka yake alimfuata hadi kwenye gari, wakazungumza dakika kumi, wakapeana mikono.

Ijumaa yenyewe, saa tisa alasiri, Msumari akiwa anafagia vipande vya vitambaa ili afunge, lori lilirudi nyuma hadi mlangoni na wapagazi wakaanza kushusha viti. Walivipanga karakanani mpaka dari, vilivyobaki wakavipanga barazani. Msumari aliwaangalia mpaka cha mwisho kiliposhuka. Kisha akamgeukia kaka yake.

"Umesema ndiyo."

"Nimesema ndiyo. Hoteli, dada. Hoteli! Ukiwaudhi hawa, hutawapata tena. Mumeo yupo wiki mbili. Mpe wiki ya pili. Ataelewa."

"Ameelewa miaka kumi na nne. Amechoka kuelewa."

"Na mimi nitamwambia nini meneja?"

"Ulichomwambia mwanzo ulikijua mwenyewe. Cha mwisho pia utakijua."

"Unaniacha na viti themanini?"

Msumari alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya meza. Akapanga juu yake nyundo, mkasi, koleo na stepla. Alizipanga polepole, kwa sababu kaka yule ndiye aliyembeba mgongoni kwenda shule mvua ikinyesha, na hakuwa amewahi kumgomea hadharani.

"Zana nakuachia," akasema. "Mikono naondoka nayo."

Akatoka. Mama Foronya naye akaufunika mdomo wa cherehani kwa kitambaa, akachukua mkoba wake, akasema, "Kwenye sponji yangu imeandikwa tumefunga," akamfuata.

Nyumba yake haikuwa mbali, mitaa miwili tu, na hapo ndipo palikuwa na mtihani. Jumamosi alisikia kompresa, ile pampu ya upepo wa stepla, ikinguruma kutoka karakanani. Kaka ameamua kupiga viti mwenyewe. Jumapili ilinguruma. Jumatatu ilinguruma, ikakatika, ikanguruma, ikakatika. Msumari aliujua ule mlio. Stepla ilikuwa imekwama, na dawa yake ilikuwa kugonga kitako mara mbili. Alisimama mlangoni na viatu mkononi.

"Unaenda?" mumewe akauliza. Hakuuliza kwa ubaya.

Msumari akavitazama viatu. "Siendi," akasema, akavirudisha.

Jumanne saa nne asubuhi, meneja wa hoteli akaja mwenyewe. Aliwakuta uani. Msumari ameketi kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, binti yake nyuma yake akimsuka nywele, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Mumewe alikuwa akikaza bawaba za mlango wa choo. Meneja alitafuta mahali pa kuangalia, akachagua beseni.

"Mama, samahani kukuingilia. Nimetoka karakanani. Kaka yako amemaliza viti kumi na viwili." Akajishika kiuno. "Nimekalia kimoja. Kinakunyanyua upande mmoja kama kinataka ushuke."

Binti akacheka puani. Msumari akamkanya kwa kumfinya mguu.

"Pole, bwana meneja. Yeye ni seremala. Fremu zake hata mjukuu wako atazikuta."

"Nahitaji wewe. Siku nne tu. Nitakuletea gari hapa, nitakurudisha hapa."

"Wiki hii nimefunga. Nilikuonyesha."

"Kila kitu kina dharura, mama. Nyumba ikiungua, utasema umefunga?"

"Ikiungua nitakuja na ndoo, hata nywele zikiwa hivi. Lakini hakuna kinachoungua. Ni viti."

"Wageni wangu watakaa wapi?"

"Pale walipokaa jana."

Meneja akaona upande huu haupitiki, akamgeukia yule mwenye bisibisi. "Mzee, naomba uzungumze na mkeo."

Mumewe akaifunga bawaba ile skrubu ya mwisho, akaujaribu mlango, ukafunga vizuri. "Mimi niko likizo," akasema.

Msumari akatoa miguu kwenye beseni. Alitaka kumwambia meneja neno hili akiwa amesimama, hata kama ni peku. "Sikufichi kitu, bwana meneja, na sikudharau. Mwaka jana ningekuja mbio. Ningepiga viti vyako vyote, na mume wangu angeondoka, na mwanangu angekua inchi mbili, nami ningejua kwa kuona sketi imekuwa fupi. Kazi nzuri unayoitaka kwangu inatoka kwa mtu aliyelala. Jumatatu nafungua saa mbili. Kama huwezi kungoja, pale nyuma ya soko kuna fundi mzee, mkono wake ni safi. Mwambie nimekutuma mimi."

Meneja akaitazama simu moja, akaitazama nyingine, akaaga. Alasiri hiyo lori lilivichukua viti vyote themanini, vikapelekwa nyuma ya soko. Hoteli ile haikurudi tena kwa Msumari, mwaka ule wala uliofuata. Lazima isemwe, kwa sababu watu hupenda hadithi ambazo anayekataa hulipwa mara mbili. Yeye alikosa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupewa, na alijua amekosa nini.

Jumatatu alipofungua, kaka yake alikuwa amefika kabla yake. Alikuwa amefagia. Hawakusalimiana mpaka saa nne, kaka alipokuja na vikombe viwili vya chai, akamwekea kimoja karibu na nyundo.

"Stepla ilikwama," akasema.

"Nilisikia."

"Ulisikia hukuja."

"Sikuja."

Kaka akaketi juu ya rundo la mbao. Alionekana mzee kuliko wiki iliyopita. "Baba alipokufa, miezi minane hakuja mteja hata mmoja, unakumbuka? Tangu wakati huo, mtu akiniambia nataka kiti, siwezi kusema hapana. Ulimi haugeuki. Nasikia ule mlango ulivyokuwa kimya."

Msumari hakuwa amewahi kulisikia hilo la ulimi. Alikunywa chai kwanza. "Ungeniambia hivyo, badala ya kuniambia habari za ng'ombe."

"Bado sikubaliani na ubao wako."

"Usikubaliane. Ila usiseme ndiyo kwa mikono yangu."

"Hilo nimekusikia," kaka akasema. Na tangu siku hiyo aligomba, alinuna, alikohoa mbele ya duka la dawa, lakini hakupokea tena kazi ya makochi bila kumuuliza. Wiki ambazo ubao ulisema tumefunga, yeye alikuja akachonga vitanda vyake na milango yake, peke yake, redio imefunguliwa. Alisema anapenda utulivu. Wakaliacha hapo.

Mwezi wa kumi, zikiwa zimebaki siku tano likizo ya tatu ianze, mumewe alipiga simu akiwa njiani. Kampuni imesogeza ratiba. Madereva wawili wanaumwa. Yeye atarudi mwezi wa kumi na mbili.

Msumari aliketi juu ya kochi ambalo halijavishwa kitambaa, springi zikamlalamikia chini. Mwaka mzima ameipigania ile wiki, amewakatalia watu, amegombana na damu yake, na karani mmoja ofisini, ambaye hajawahi kumwona, ameufuta mstari wake mwekundu kwa kidole.

"Basi fungua karakana," mumewe akasema. "Nikija mwezi wa kumi na mbili utafunga."

"Mwezi wa kumi na mbili nitafunga siku utakazokuwepo. Na wiki hii pia nafunga."

"Kwa ajili ya nani, na mimi sipo?"

"Nitakueleza nikishalala."

Ijumaa, mwalimu mmoja mstaafu, mwenye picha ya kochi kwenye simu, alimkuta akishusha komeo. Akausoma ubao, akamtazama Msumari.

"Nimesikia mumeo haji," akasema. Mtaani habari zina miguu. "Sasa unamfungia nani?"

"Namfungia mwenye karakana."

"Mwenye karakana si wewe?"

"Ndiye huyo huyo, mwalimu. Amechoka, na nimemwahidi."

Akatia kufuli, akaivuta mara mbili kuhakikisha, akamwambia mwalimu arudi Jumatatu, wiki ya kufunga ikishaisha, saa mbili, alete na vipimo vya sebule. Kisha akavuka barabara, akaelekea shuleni kwa binti yake. Timu ilikuwa na mazoezi ya ziada, naye alikuwa bado hajaelewa vizuri kwa nini mpira ukigusa wavu wengine hushangilia na wengine hukasirika.